Hatua Kumi katika Nchi ya Wima

Namna nilivyofika Wima haitamsaidia msomaji kitu. Inatosha kusema kwamba nilikaa huko miezi mitano, kwamba nilipokewa kama mgeni wa heshima, na kwamba niliondoka nikiwa nimefukuzwa. Nilikuwa mwalimu wa jiografia kwa miaka ishirini na sita, na nimezoea kueleza nchi kwa utaratibu: mito yake, mazao yake, sheria zake. Nitajaribu kufanya hivyo hapa. Nikishindwa kuzuia hasira, msomaji atanisamehe, na asiponisamehe pia ni sawa.

Wima ni nchi ya vilima vifupi na udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Watu wake ni wachapakazi, wanapenda wageni, wanakula muhogo kwa samaki wa mtoni. Kinachowatofautisha na mataifa mengine ni Ukumbi. Umejengwa katikati ya mji, una sakafu ya marumaru iliyosuguliwa mpaka unajiona uso, na humo ndimo kila kitu hupimwa. Katiba yao ina kifungu ambacho kila mtoto anakijua kwa moyo: "Kilichowezekana Ukumbini kimewezekana."

Mwanzoni nilidhani ni maneno ya kupamba kuta. Siku ya tatu nilipelekwa kuona daraja. Lilikuwa daraja zuri, la mbao ngumu, limejengwa ndani ya Ukumbi, upande wa mashariki. Mikokoteni minne ya ng'ombe ilikuwa imepitishwa juu yake, nalo likaandikwa daftarini kuwa limefaulu. Nikauliza mto uko wapi. Ofisa aliyekuwa akinitembeza alinitazama kwa huruma.

"Mto uko nje," alisema. "Daraja limeshapimwa."

Mchana ule ule niliwaona kina mama wakivuka mto huo, maji yamewafika kifuani, vikapu kichwani. Hakuna aliyelalamika. Daftarini walikuwa wamepita darajani.

Niliandika hayo kwenye kijitabu changu na nikacheka. Nakiri kwamba nilicheka.

Nilipangiwa kukaa kwa mjane mmoja aitwaye Bi Mkasi, mwuza vitunguu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa na binti mmoja, Tausi, aliyekaribia miaka kumi na saba. Tausi alikuwa na hali ambayo kwetu huitwa mtindio wa ubongo. Ubongo wake uliumia siku ya kuzaliwa, na tangu hapo misuli ya miguu yake ilikaza kama kamba iliyovutwa, mkono wa kushoto ukajikunja kifuani, na maneno yakawa yanatoka polepole, moja baada ya jingine. Alikuwa na kiti cha magurudumu, cha chuma, kilichopakwa rangi ya kijani na mtu asiyejua kupaka rangi.

Asubuhi ya kwanza nilimmiminia chai, kisha nikamgeukia mama yake.

"Anatumia sukari?"

Bi Mkasi hakuinua macho. Aliendelea kumenya vitunguu. Alimaliza kimoja, akashika kingine, mpaka nikajua kwamba kuna mtu mwingine niliyepaswa kumsikiliza.

"Niulize mimi," alisema Tausi. Sentensi hiyo ya maneno mawili ilichukua muda. "Vijiko viwili."

Niliona aibu, nikatia vijiko viwili. Tangu siku hiyo alinisamehe, ingawa alinikumbusha mara nyingi.

Ningependa msomaji ajue maisha ya binti huyu kabla ya siku ya Ukumbi, kwa sababu kwenye daftari la Wima hayamo. Aliamka kabla ya wote, maana kuvaa kulimchukua dakika arobaini, na hakutaka kuvishwa. Vifungo vya shati la shule alivifunga kwa mkono mmoja na meno. Akitoka kwenda bombani aliweka ndoo mapajani, akarudi nayo imejaa robo tatu, sketi imelowa, uso umefurahi. Shuleni alikuwa kidato cha tatu, wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza alimchukia sana. Jumamosi alikaa kwenye meza ya vitunguu sokoni badala ya mama yake. Wateja waliodhani watampunja kwa sababu anaongea polepole waligundua kwamba kuongea polepole kunampa mtu nafasi ya kufikiri.

Yote hayo aliyafanya juu ya magurudumu manne. Hayo magurudumu ndiyo habari yenyewe.

Sheria ya Wima inasema kila mtu akitimiza miaka kumi na saba hupimwa Ukumbini. Kijana hutembea hatua kumi mbele ya Wapima. Akiziweza, jina lake huandikwa safu ya kwanza ya daftari, safu ya Anaweza, naye huendelea na shule, hutia saini yake, huoa au huolewa. Asipoziweza huandikwa safu ya pili, Hawezi. Wa safu ya pili hupewa chakula na mahali pa kulala. Hawasomi, hawauzi, hawasaini. Safu ya tatu hakuna.

Bi Mkasi alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo tangu binti yake ana miaka minne. Kila alfajiri alipasha mafuta, akaikanda miguu ya Tausi, akainyoosha mpaka binti akauma ukingo wa kanga. Kisha zamu ya kusimama, akishikilia nguzo ya nyumba. Kisha hatua moja. Kisha mbili.

"Akiweza kumi tu," aliniambia Bi Mkasi. "Kumi tu, Mwalimu. Baada ya hapo hakuna atakayemgusa."

Siku ilipofika Ukumbi ulijaa. Mpima Mkuu, Bwana Sadala Mwinyipembe, alikaa nyuma ya meza ndefu. Alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye sauti laini. Katika miezi yangu mitano sikuwahi kumsikia akimkaripia mtu. Tausi alivishwa viatu vya Ukumbi, vyenye soli maalumu. Sakafu ilipanguswa. Kando yake kulikuwa na reli ya shaba ya kushikilia.

Alisimama. Magoti yake yaligusana, visigino havikushuka chini. Hatua ya kwanza ilichukua muda ambao mtu angeweza kula ndizi. Kufika ya tano jasho lilikuwa likimtoka kidevuni na kudondoka juu ya marumaru, na karani mmoja alikuwa akilipangusa nyuma yake. Ya nane alikaribia kuanguka. Ya tisa. Ya kumi.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Bi Mkasi alilia. Mimi pia nilipiga makofi, nikapiga mpaka viganja vikauma, na mpaka leo navionea haya viganja hivyo.

"Anatembea," alisema Bwana Sadala, na karani akaandika.

Tulipotoka mlangoni kiti hakikuwepo. Walinzi wawili walikuwa wakikisukuma kuelekea ghala lililo nyuma ya Ukumbi.

"Samahani," niliwaambia, "hicho kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Tausi binti Mkasi."

Mlinzi aliangalia karatasi yake. "Tausi binti Mkasi anatembea," alisema. "Viti ni vya wasiotembea." Alisema bila ubaya wowote. Alionyesha hata kumpongeza.

Bi Mkasi alikimbilia ndani kumweleza Mpima Mkuu kwamba kuna kosa limetokea. Alirudi baada ya muda mfupi. Hapakuwa na kosa. Kifungu cha viti kiliandikwa zamani, ili watu wavivu wasije wakastarehe juu ya magurudumu wakati miguu wanayo. Kutengeneza kiti kingine bila muhuri wa Ukumbi ni jinai.

Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa mtu kama mimi. Mvua ilikuwa imenyesha. Tausi alisema atatembea, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Alikwenda hatua sita kwenye udongo ule, akaanguka kifudifudi. Akajaribu tena. Mara ya tatu Bi Mkasi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, alipiga magoti kwenye tope, akambeba binti yake mgongoni, miguu mirefu ikining'inia. Watu waliotupita walimwambia hongera. Walikuwa wameshasikia.

Sasa niandike yaliyofuata bila kuongeza chumvi. Shule ilikuwa mbali kuliko Ukumbi. Wiki ya kwanza Bi Mkasi alimbeba, mpaka mgongo ukamkatalia, akawa anatembea ameinama. Tausi akasema basi. Akakaa ndani. Bombani hakwenda, sokoni hakwenda. Niliwahi kumbeba mimi siku nne, nikiwa mzee wa miaka sitini na tatu, na siku ya nne tulianguka wote wawili mtaroni. Hakucheka, nami sikucheka. Kila asubuhi bado alivaa sare, dakika arobaini, kifungo kwa kifungo, kisha akakaa kitandani akiwa amevaa, akisikiliza wenzake wakipita dirishani.

"Kwa nini unavaa?" nilimuuliza.

"Ili siku wakisema nimeacha," alisema, "wawe wamesema uongo."

Walisema. Siku ya hamsini ya kukaa ndani alikuja ofisa na Hati ya Uvivu. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri: mtajwa hapo juu, ambaye miguu yake ilithibitishwa mbele ya mashahidi mia tatu, ameshindwa kuitumia kwa mambo ya kawaida ya kila siku bila sababu inayojulikana, hivyo afike Ukumbini kujieleza. Tausi aliisoma mwenyewe. Kisha akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

Siku ya kujieleza nilitafuta mkokoteni. Akakataa. Bi Mkasi akapiga magoti ili ambebe. Akakataa pia.

"Mama, nitakwenda mwenyewe. Wameandika natembea. Waje waone."

Tuliondoka baada ya chai ya asubuhi. Alitembea alipoweza, akishika kuta za nyumba za watu. Kuta zilipokwisha alikwenda kwa magoti. Magoti yalipochubuka alijivuta kwa kiwiko cha mkono wa kulia. Alipita katikati ya soko, kati ya meza za vitunguu na za samaki, mchana kweupe, na wale wale waliopiga vigelegele walinyamaza. Wengine waliangalia pembeni. Mama mmoja alileta maji. Mwanamume mmoja akataka kumwinua, akaambiwa, "Niache, nafanya kazi." Tulifika adhuhuri. Mlangoni karani alituzuia, kwa sababu ya marumaru. Tausi alimpita chini ya mkono wake, akaacha nyuma yake mfuo mwekundu wa tope na damu mpaka mbele ya meza.

Nilitazama uso wa Bwana Sadala. Alikuwa akiutazama ule mfuo sakafuni.

"Binti," alisema, "eleza kwa nini huendi shule ilhali unatembea."

"Nipimeni nje," alisema Tausi. Kila neno lilipata muda wake. "Kuanzia mlango wetu. Mpaka darasani."

"Nje kuna mawe. Kuna mvua, kuna ng'ombe, kuna watu. Tutajuaje kama tunakupima wewe au tunayapima mawe?"

"Mimi naishi kwenye mawe."

Wapima walinong'onezana. Mmoja wao, mnene, alisimama akatoa hoja kwamba uwezo na matumizi ni vitu viwili, kwamba Ukumbi unahusika na uwezo, na matumizi ni tabia ya mtu. Mwingine akaongeza kwamba wakianza kupima nje watalazimika kulipima upya hata daraja. Hapo palizuka fujo kidogo, na Bwana Sadala akagonga meza kwa kidole.

"Sheria haina ukatili," alisema kwa sauti yake laini. "Inaruhusu kipimo cha pili. Sasa hivi. Ukishindwa hatua kumi, jina lako litahamia safu ya pili, na kiti chako utarudishiwa leo hii."

"Na shule?"

"Shule ni ya safu ya kwanza."

"Na saini yangu?"

"Safu ya kwanza."

Nilisimama bila kuruhusiwa. Nilisema kwamba binti huyu ni wa pili darasani, kwamba kiti ndicho kilichompeleka darasani, kwamba mtoto mdogo angeelewa hilo. Nilisema mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya watu. Niliambiwa nikae, na jina langu likaandikwa mahali.

Tausi aliinuka kwa kushika reli, akasimama kwenye mstari.

"Anguka," alisema Bi Mkasi kutoka kwenye viti vya nyuma. Mwanamke huyu aliyeikanda ile miguu miaka kumi na tatu alikuwa amesimama, mikono ameikutanisha. "Anguka, mwanangu. Anguka tu, tuchukue kiti twende nyumbani."

Tausi alimtazama mama yake. Kisha aliachia reli na kujishusha mwenyewe chini, taratibu, akakaa juu ya marumaru.

"Sitembei," alisema, "na sianguki. Andikeni hivyo."

Karani alishika kalamu, akamtazama Mpima Mkuu. "Mheshimiwa, niandike safu ipi?"

"Hakuna safu ya hilo," alisema Bwana Sadala. "Liache lilivyo." Akaangalia dirishani kuona jua limefika wapi, akatangaza mapumziko ya chakula. Wapima waliondoka mmoja mmoja, wakipita kwa uangalifu wasikanyage tope. Mmoja alisema amesikia leo kuna samaki wa kupaka.

Ndipo Bi Mkasi alipotoka. Nilidhani ametoka kulia. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya Ukumbi akiwa amechomoa nguzo ya chuma ya kamba ya kuzuia watu, anaipigisha kwenye kufuli la ghala. Alipiga kama anavyotwanga, bila haraka, kwa mikono yote miwili. Pigo la tano au la sita kufuli likaanguka.

Nimeona maghala mengi maishani. Humo mlikuwa na viti vya magurudumu kutoka sakafuni hadi kwenye paa, zaidi ya mia mbili, vimepangwa mgongo kwa mgongo. Kulikuwa na magongo yamefungwa mafungu kama kuni. Kulikuwa na viatu vyenye vyuma. Kila kimoja kilikuwa na kipande cha karatasi chenye jina, na mwandiko ulikuwa ule ule mzuri.

Bi Mkasi alikichukua cha kijani, akakitoa nje. Akasimama. Kisha akarudi ndani, akachukua cha pili, akasoma jina kwa sauti kuu, sauti ya kuuzia vitunguu.

"Rehani bin Chuma!"

Sokoni mtu aligeuka.

"Mwajuma binti Tufe! Hidaya binti Sengo!"

Walianza kuja. Kwanza mama mmoja akikimbia, kitambaa kimemdondoka. Kisha baba aliyekuwa amemshika kijana wake mkono. Kisha wakaja wengi, na wengine walikuja kuchukua viti vya watu waliokwisha kufa. Walinzi walipofika Bi Mkasi alikuwa amefika katikati ya ghala. Hakukimbia. Aliendelea kusoma majina mpaka wakamshika mikono, na hata walipokuwa wakimvuta alikuwa bado anasoma karatasi iliyokuwa karibu.

Alihukumiwa kifungo cha miezi minane, kwa kosa la kuharibu kufuli. Viti havikutajwa katika hukumu. Baadaye nilielewa kwa nini. Ili kuvirudisha ghalani, Ukumbi ungelazimika kuandika kwamba watu waliofaulu kutembea walikutwa wakitumia viti, yaani kwamba vipimo vilikosea, na vipimo havikosei. Kwa hiyo amri ilitoka kwamba viti hivyo visionekane. Nilishuhudia mwenyewe, Jumatatu iliyofuata, Tausi akilifikia lango la shule kwenye kiti chake, na bawabu akiandika kwenye orodha, bila kuinua macho: amefika kwa miguu.

Amri ya kunifukuza ilikuja wiki hiyo hiyo. Nilipewa siku moja. Nilikwenda kumuaga Tausi wakati wa mapumziko, akiwa amekaa kivulini na daftari mapajani. Walikuwa wamemrudisha kidato cha pili. Aliniambia Ijumaa itakuwa siku yake ya kumpelekea mama chakula gerezani, na kwamba amepika mwenyewe maharage mara mbili, na mara zote mbili yameungua.

"Utaandika habari zetu?" aliniuliza.

"Nitaandika."

"Utaandika nini juu yangu?"

Nilisema nitaandika kwamba sijawahi kumwona binti jasiri kama yeye. Alinikunjia uso, na nikasubiri, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimejifunza kusubiri.

"Usiandike hivyo, Mwalimu. Watasoma, watapiga makofi tena." Alipumzika. "Andika nilikosa shule siku sitini na moja. Na andika ni nani aliyefanya."

Siku sitini na moja. Sadala Mwinyipembe, Mpima Mkuu wa Wima.